Nyuzi Arobaini na Moja

Toktosun alianza kwa kuibomoa friji.
Ilikufa mwaka ule tuliouza ng'ombe,
nasi twaishi Naryn, ambako miezi sita
nyama huning'inia stoo na haiozi.
Friji ya nini? Hata hivyo nilinuna.
Alichomoa mgongoni mwake bomba jeusi
lililojikunja kama utumbo,
akalisuuza, akalipuliza,
akatabasamu kama aliyeokota filimbi.

Kioo ni cha shule ya zamani, darasa la tatu;
pembeni kuna jina lililokwaruzwa kwa msumari: ULAN.
Mbao ni za kitanda cha marehemu baba yake.
Vizuia baridi vya dukani vina bei,
sisi tuna kondoo.
Nikashindilia sufu chafu, ile inayonuka,
ile wanunuzi wanayoitemea mate,
chini ya bati alilolipaka masizi.
Pipa tukalipandisha ndani, juu kuliko sanduku,
tukalivika blanketi mbili.
Maji moto hupanda yenyewe, alisema,
hayasukumwi.

Mama mkwe alitazama dirishani.
"Jua la huku ni la kutazamwa," alisema,
"si la kuotwa."

Usiku wa kwanza wa Novemba, bomba likapasuka.
Tulisikia: tak! Kama mtu kavunja njugu.
Asubuhi barafu ilikuwa imetoa ulimi
pale kwenye kiungo.
Toktosun hakusema neno. Alikalia ndoo
akavuta sigara mbili, mgawo wa siku nzima,
kisha akaenda kwa Emilbek mwenye lori
kuomba lita nne za yale maji ya kijani ya rejeta,
yasiyoganda.
Alilipa kwa jibini.
Jibini niliitengeneza mimi.

Sasa kijani kinazunguka peke yake,
kinapokea joto juani, kinalileta pipani
ndani ya koili ya shaba,
wala hakichanganyiki na maji yetu:
wakwe wawili waliokosana
wanaopitishiana chumvi mezani.

Tarehe tisa Februari. Nje, hasi kumi na nane.
Anga buluu hadi meno yanauma.
Saa nane mchana akatumbukiza kipimajoto,
kile cha homa, hatuna kingine.
"Arobaini na moja!"
Angekuwa mtoto, tungekimbia hospitali.

Nilijaza beseni, nikaweka vyombo vya asubuhi,
nikageuka kutafuta kitambaa.
Niliporudi, Sairakan alikuwa amepandisha mikono ya sweta
na kuizamisha mikono yake hadi viwikoni,
ile mikono iliyopasuka kama gome,
iliyovunja barafu ya mto miaka sitini.
Hakuosha hata kijiko.
Alisimama tu hapo, macho ukutani,
hadi maji yakapoa.

Kisha akauliza, bila kugeuka,
kama madirisha mengine ya ile shule
bado yapo.