Moto wa Bure

Mwezi wa kumi, Katuba. Mvua bado inajishauri huko iliko.
Chumba cha baba kinatazama magharibi,
na dirisha lake, tangu saa nane, ni mdomo wa tanuri.

(Tulikichagua mwezi wa sita, wajinga sisi,
baridi ikiuma, vidole vikikataa kushika sindano.
Tukasema, mzee apate jua.)

Sasa jua limempata.

Jirani yetu mama Mujinga anafungua kila kitu,
mlango, madirisha, hata kifuniko cha pipa,
kisha anajipepea na kipande cha katoni na kulaani.
"Hewa iingie," anasema.
Baba anacheka kwa pua. "Hewa gani?
Huyo anayeingia ni moto, amevaa shati la upepo."

Miaka ishirini na saba aliyeyusha shaba
chini ya lile bomba refu la moshi.
Anaujua moto kama mtu anavyomjua anayemdai.
Kitandani anatoa amri, mimi natekeleza:
alfajiri fungua mpaka mwisho, usiku ubaki ndani;
saa mbili, jua likipanda juu ya bati la mama Mujinga, funga.
Pazia la ndani ni kazi bure,
huyo ameshavuka mpaka, ameshavua viatu.
Mzuie nje, kabla hajagusa kioo.

Basi nikashona magunia sita ya unga wa mahindi,
meupe, maandishi yakitazama ukuta,
nikayatundika nje kwa miti miwili na waya wa umeme
(umeme wenyewe haupo tangu Jumatatu;
feni imesimama pembeni kama mkwe aliyenuna).
Mdogo wangu Mwewa akapanda na ndoo ya chokaa
kulipaka bati jeupe, akashuka nyayo zimeungua,
akiruka kama kuku aliyekanyaga jivu.
Tulicheka sana. Ndipo tukampa maji.

Chini ya dirisha nimepanda marakuja.
Umenifika gotini. Mwakani, labda.

Saa saba napangusa sakafu na maji ya mwisho ya kufulia,
naloweka kitenge cha harusi ya dada Kapinga,
kilichochakaa kuliko ndoa yenyewe,
nakitundika kwenye mlango wa uani, penye kivuli,
ili upepo upite majini kabla ya kutufikia.

Haikuwa baridi. Sitaki kudanganya.
Lakini mshumaa uliokuwa umeinama jana kama mlevi,
leo, saa tisa, ulikuwa umesimama.

Baba akautazama huo mshumaa kwa muda. Kisha:
"Unajua, walikuwa wananilipa nikae karibu na moto.
Siku ya mwisho wakasema, rudi nyumbani, hesabu yako inakuja.
Hesabu haikuja.
Umekuja moto, wenyewe, kwa miguu,
bila kuomba saini."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikavuta uzi.

Gunia la tatu lilikuwa na tundu, la panya au la msumari.
Nuru ikapenya hapo, duara moja, dogo kama sarafu,
ikatua ukutani, ikaanza kupanda polepole
kutoka kwenye kalenda ya mwaka juzi
kuelekea kofia yake ya kazi, ile ngumu, iliyotundikwa msumarini.
Nikachukua sindano.

"Acha," akasema. "Hiyo iache.
Ikifika kwenye kofia, zamu imekwisha."

Tukakaa. Mama Mujinga alikuwa bado analaani.
Duara likapita Machi, likapita picha ya daraja,
likagusa ukingo wa kofia, pale rangi ilipobanduka,
na baba akatoa miguu nje ya shuka,
mmoja, halafu wa pili,
kama mtu anayevua mabuti.

Nikatoka kukunja magunia.