Neno la Shitaka

Hakimu alilisoma mara moja, haraka,
kama mtu anayemeza kidonge bila maji:
ugaidi.
Kisha akanitazama mimi, mkalimani.
Kazi yangu ni kuvusha maneno chumba kizima,
kama kivuko cha Kamanga,
bila kuuliza mizigo ina nini.

Kizimbani, Masunga, miaka ishirini na mmoja,
kandambili za rangi mbili.
Pale Igombe, saa nne asubuhi,
doria ilirundika nyavu za kijiji mchangani,
ikamwaga petroli. Kulikuwa na hotuba,
kulikuwa na mpiga picha.
Moto ule uliandikwa: operesheni.

Siku tisa baadaye, usiku,
boti ya doria iliungua ufukweni hapohapo.
Petroli ya kituo kilekile.
Moto huu ndio unaosomwa leo.

Na Mafwiri, mlinzi, alikuwa amelala ndani ya boti.
Ameketi benchi la mbele,
bendeji hadi viwikoni.
Hakuna aliyemuuliza yeye anauitaje.

Nalitafuta neno kwa Kisukuma, silipati.
Nakumbuka sungusungu: kwanza waliitwa wahalifu,
mjomba akalala Butimba, mshale wake ukiwa kidhibiti;
baadaye wakaitwa ulinzi wa jadi,
mjomba akapigiwa makofi uwanjani.
Mshale hawakumrudishia.
Nakumbuka redio ya baba, na wale vijana wa kusini:
magaidi kwenye idhaa moja,
wapigania uhuru kwenye idhaa ya jirani.
Baba alizungusha kitufe kidogo tu,
watu walewale, bunduki zilezile,
wakageuka.

Basi nikamwinamia mama yake, Ng'wasi:
"Wanasema mwanao ni mtu wa kutia watu hofu."
Akafunga upya kanga yake, bila haraka.
"Hofu naijua," akasema kwa lugha yetu.
"Ilikuja mchana, imevaa buti.
Iliniomba maji ya kunywa kabla ya kuwasha.
Nikaipa."

"Anasema nini?" Kalamu ya hakimu iko juu.

Nje, korongo wawili waligombea utumbo wa sangara
juu ya bati la karakana.
Nina watoto watatu, na mkataba wa miezi sita.

"Ameelewa, mheshimiwa."

Ikaandikwa.

Mafwiri tu ndiye aliyegeuka,
taratibu, mikono yake ikiwa mapajani kama vifurushi vya mtu mwingine.
Mama yake ni wa Magu.
Alikuwa amesikia yote.