Ardhi ni Mdogo Wangu

Kazi moja asubuhi, darasa la nne, shule ya mbao huku Buhene,
niliwaambia watoto: nendeni mkaulize nyumbani
dunia ilianzaje.
Kesho kila mmoja alete ya kwao.

Usiku nikawasha koroboi, niandae yangu,
maana mwalimu haendi mikono mitupu.
Nina kitabu kisicho na jalada, kimeungua pembe moja
(usiusingizie mlima, ni koroboi hiyo hiyo).
Humo wamo watu wa nchi za barafu wanaosema
dunia ni maiti ya jitu: mifupa yake majabali,
na fuvu lake ndilo anga tunaloomba mvua.
Wamo wanaosema kobe ndiye amebeba vyote,
wala hakuna aliyemuuliza kama mgongo unauma.
Visiwani, mbali sana, mbingu na ardhi walikuwa wamekumbatiana
hata hewa haipiti,
mpaka watoto wao, wamebanwa katikati, wakawasukuma kwa miguu.
Nikacheka peke yangu. Nimelelewa saba kitanda kimoja,
nalijua teke lile.
Na hapa hapa nchini, upande wa Kasai,
Mungu aliumwa tumbo, yuko peke yake gizani,
akatapika jua.

Kesho yake Masika alileta bustani na nyoka, kama alivyopewa na padri.
Kakule: watu wa kwanza walitoka msituni wakimfuata mbwa
mwenye kengele shingoni.
"Kengele alitengeneza nani?" darasa lote.
Babu yake hakusema.
Safari akasimama nusu, akakaa, akasimama:
"Baba amesema bado haijaanza. Anangoja mshahara."

Halafu Nsimire, mwisho wa benchi.

"Dunia ilianza siku ya posho, ile ambayo kitabuni ni Jumamosi,
saa moja ya jioni.
Kwanza anga likawa jekundu.
Mama alikuwa anasonga bugali. Hatukula.
Godoro likapanda chukudu, bibi akapanda godoro,
sufuria ikapanda mapaja ya bibi, ingali ya moto.
Tukaenda mpaka Sake. Huko kulikuwa giza tu na watu.
Tuliporudi, kulikuwa na ardhi.
Mpya. Inatoa moshi.
Haina avenue, haina namba, haina mwenye parsele.
Mama akahesabu hatua toka nguzo ya umeme iliyobaki,
akasema: mlango ulikuwa hapa.
Basi ukawa hapo."

Hakuna aliyeuliza kitu.

"Mimi nina miaka tisa, mwalimu. Ardhi ya kwetu ina mitano.
Ni mdogo wangu."

Nilikuwa na chaki mkononi. Nilitaka kusema
ardhi haina umri wa kuhesabu hivyo, ardhi ni ya kale,
kisha nikakumbuka siku yangu mwenyewe, mwezi wa kwanza,
nina miaka minane, kiatu kimoja,
na mama yangu akiutazama moto bila kupiga kelele
kwa sababu ule ulikuwa wake wa pili.
Nikaandika ubaoni: miaka mitano.
Nikapigia mstari.

Saa ya mapumziko akanivuta mkono hadi nyuma ya choo,
ambako mawe meusi yamekunjana kama nguo zilizokamuliwa.
Akapiga magoti. Katika ufa kulikuwa na kitu cha kijivu,
si jani, si kuvu, kigumu ukikigusa,
na pembeni yake vijiti viwili vyeupe vya mmea
ambao haujaamua utakuwa nini.
Humwagia hapo maji anayonawia uso,
anayabeba toka nyumbani ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.

"Usimguse sana," aliniambia.
"Anaota meno."