Mnyaa wa Pauni Nane

Sokoni Swansea, Jumamosi, mvua inapiga ubavuni.
Glenys amepanga vyungu juu ya kreti za maziwa:
mimea minono, majani kama vidole vya mtoto,
mmoja wa zambarau, mmoja wenye manyoya ya sikio la paka.
"Hii haitaki kitu," ananiambia.
"Inyime maji mpaka Machi.
Wengi huiua kwa huruma."

Jicho langu limekwishanasa pembeni:
kijiti cha kijani, hakina jani,
kimeegemezwa kwenye penseli.
Kibandiko: pauni nane.

Mnyaa! Wewe?
Wewe tuliyekukata kwa panga, tukakuchomeka ardhini
bila mbolea, bila salamu, ukashika?
Wewe uliyepandwa mstari
kati ya baba na ami Mwadime,
ukasogezwa hatua mbili, usiku mmoja,
na hao wawili hawakuzikana?

Namwonya Glenys: utomvu wake hupofusha.
Anacheka. Anaufunga kwa gazeti,
taratibu, kama yai.

Sasa uko dirishani, ghorofa ya tatu,
ndani ya kopo la mchanga na kokoto za ufukweni.
Nyuma yako kipasha joto kinagugumia;
mbele ni kioo, na baridi inakilamba.
Mpaka wako ndio huo.
Hakuna wa kuugombea.

Ila kila Jumapili, kabla ya chai,
nakugeuza kidogo, robo tu,
usije ukainamia upande mmoja.