Ngoma ya Ermete

Baba yangu hugonga jibini kwa mshahara.
Ghala liko nje ya Reggio, ukungu umelala mlangoni,
magurudumu ya kilo arobaini yamepangwa hadi darini,
naye na kinyundo chake, kichwa chake kama njugu.
Ti. Ti. Ti. Huliegesha sikio la kulia
kama anayepokea siri za nyumba ya jirani.
Gurudumu zima hujibu mara moja.
Lenye ufa husitasita.
Lenye pango hujibu kama mtu mwenye chakula mdomoni.

Mwaka huu, tangu mizabibu ipukutike,
yote yalimjibu kwa sauti moja, sauti ya sufi.

Hakusema. Tuliosema ni sisi, kwa kupaza,
hadi ghorofa ya pili wakajua
kwamba supu imepoa, na kwamba Don Celso amezikwa.
Sikio halilali na njaa, wanasema.
La baba lililala na njaa Novemba nzima,
nalo limeshiba hadi mlangoni.

Alijitibu kwa siri, kama mwizi:
vijiti vya pamba kutoka kabati la marehemu mama,
kibanio cha nywele, nacho cha mama,
kisha mshumaa wenye tundu, aliouziwa gulioni
na mtu aliyeapa kwamba moto huvuta taka.
Moto ulivuta nywele tatu. Nta ikabaki,
na kila kijiti kiliisukuma ndani zaidi.
Mkaidi husemwa ametia pamba masikioni.
Baba alikuwa mkaidi, na pamba alikuwa nayo kweli.

Nikamwambia: sikio la kufa halisikii dawa.
Akasema: "Nini?"

Daktari Ghirardini yuko juu ya duka la baiskeli.
Alimulika, akachungulia, akanyamaza sana.
"Leo siligusi. Limekauka kama ganda la jibini yenu.
Mafuta ya zeituni, matone matatu, siku tano,
alale ubavu. Na vile vijiti nipe mimi."
Akakinga kiganja. Baba akatoa pakiti mfukoni
(sikujua anatembea nayo)
akaikabidhi kama anayesalimisha silaha.

Siku ya sita akavaa miwani yenye darubini,
akashika mrija mwembamba kuliko tambi.
"Usitikisike. Kutakuwa na kelele.
Ukisikia kizunguzungu, inua mkono."
Mkono haukuinuka. Ulikuwa umeushika wangu,
jambo ambalo haukuwahi kulifanya tangu mazishi.
Mashine ikanyonya, ikakohoa, ikanyonya,
kisha kikatoka: cheusi, kama kokwa ya zeituni,
na ndani yake nyuzi za pamba, nyeupe bado.
Baba alikitazama pale kwenye karatasi
kwa jicho analotazamia jibini iliyokataliwa.

"Ngoma ni nzima," alisema daktari, kwa sauti ya kawaida.
Nikafumbua mdomo nimrudilie kwa kelele.
"Nimesikia," alisema baba. "Ngoma ni nzima."

Garini alishtuka: koti lake lilikuwa likiongea.
Hakutaka nyumbani. Akataka ghala.
Magurudumu mia mbili na kumi aliyoyapitisha tangu Oktoba
akayagonga upya yote, ngazi juu, ngazi chini,
nami nikimshikia taa, miguu imekufa ganzi.
Saa nne usiku matatu yalikuwa na alama ya chaki.
Akampigia msimamizi. "Manfredo, nilikosea. Matatu."
Sikio hakulitaja.

Jikoni nikamuuliza kama atakula,
kwa sauti ile ile ya mwaka mzima.
Akafumba macho. "Taratibu, binti.
Tangu lini unaongea kama mama yako?"

Sikujua nimjibu kwa sauti ipi.
Friji ilikuwa ikinguruma. Aliisikiliza,
kichwa upande, kidole kimekunjwa,
kana kwamba wakati wowote ataigonga.