Kufuli la Baba Fwamba

Kwanza niseme: waya aliuchukua.
Sitaki mtu anihurumie kwa uongo.
Mikunjo miwili ya shaba, Jumanne, jua likielekea kuzama,
Ngosa wangu, mwenye miguu mirefu kama miiko ya bukari,
aliingia stoo ya Baba Fwamba hapa Katuba
akatoka na mzigo begani kama mtu aliyetumwa.

Waliomkamata hawakumchoma moto.
Nimeshukuru,
kisha nikajishangaa kushukuru kwa jambo kama hilo.

Pale kasho polisi alinisomea karatasi kwa Kifaransa,
mbiombio, kama padri anayengojwa na misa nyingine.
Nikauliza: neno lile refu, efraksio, ni mnyama gani?
Akasema, Mama, hayo ni mambo ya sheria.
Akasema, lete dola mia mbili,
karatasi itasahau njia ya parke.

Dola mia mbili!
Mimi nauza makala kwa kopo.

Na Ngosa alikuwa amekwisha kutia sahihi,
ile N yenye mkia aliyofundishwa shule ya msingi.
Alidhani anasaini ili apewe maji.

Mama Chola ndiye aliyenisukuma:
mawakili wana chumba cha kusikiliza maskini,
hawalipishi, ila utakaa benchini mpaka usinzie.
Nilisinzia kweli. Nikaamshwa na msichana
mwenye vumbi jekundu hadi kwenye soksi.
Huyo ndiye avoka, Metre Mitonga.

Peni yake iligoma. Nikatoa kipande cha makala mfukoni,
akacheka, akachora mlango nyuma ya fomu.
Akasema: wizi ni wizi, Mama, sitakudanganya,
lakini sheria nayo hupima.
Kuchukua tu, mpaka miaka mitano.
Kuvunja ndipo uchukue, yaweza kufika kumi.
Kumpiga mtu au kumtishia, hesabu inapanda hadi ishirini.
Lile neno refu maana yake ni kuvunja.
Akanipa makala: sasa nionyeshe kufuli.

Nikafumba macho.
Kila alfajiri napita pale na beseni kichwani.
Jumatano kufuli lilikuwepo, na mpira mwekundu
ambao Fwamba hulifungia lisiingie kutu.
Alhamisi lilikuwepo. Zima.
Nani alivunja kitu kizima?

Akahesabu vidole: Jumanne, na leo Jumamosi.
Saa arobaini na nane zilipita zamani, akasema,
akasimama kabla sijamaliza kumshukuru.

Tulikwenda wote. Akalipiga picha kwa simu yake.
Fwamba, anayejisifu kuwa hasahau hata deni la kiberiti,
alikuna shingo, akaangalia chini:
siku ile sikufunga.
Mimi nilisema ameiba. Kuvunja wameongeza wao.
Metre akamwambia: hayo hayo, uyaseme mbele ya jaji.

Kesi bado.
Ngosa yuko Kasapa, nampelekea bukari Jumapili,
nusu yake inaliwa na mlango.
Nimemwambia: sema ulichofanya, usipunguze,
na usikubali wakuongezee.
Akauliza, mitano si mingi pia, Mama?
Sikuwa na jibu. Nikamfuta masizi
niliyompaka mwenyewe shavuni.

Alfajiri bado napita pale.
Natua beseni, nalishika kufuli.
Ni baridi. Ni zima.
Fwamba siku hizi halisahau.