Sahani Tupu

Swabra alirudi shuleni na daftari la miraba,
wino bado u kwenye kidole gumba,
akaweka sahani mbili nyeupe mkekani mwa bibi yake
kama mtu anayewaandalia wageni.

"Bibi, niandikie kombe.
Hii iwe na maneno.
Hii iwe na zafarani tu, mistari isiyosema kitu.
Nitawanywesha wasichana thelathini wa bweni wanaoumwa kichwa,
nusu hii, nusu ile,
wala hawatajua nani kanywa ipi.
Mwalimu Mutisya asema ndivyo ukweli unavyotegwa."

Nilikuwa ukumbini nachambua mchele.
Mkono ukasimama.
Miaka kumi na tisa napima damu za watu wa Lamu,
nimewatazama vijidudu wa malaria hadubinini, jicho kwa jicho,
na sijapata kuuliza alichouliza mwanangu
mchana kweupe, mlango wa ua u wazi,
majirani wa Mkomani wakipita.

Bi Thureya hakukasirika.
Aliroweka zafarani katika kikombe cha kahawa,
akatia marashi,
akautwaa ujiti wake wa mwanzi, urithi wa babake.
Sahani ya kwanza akaijaza duara ndani ya duara,
herufi zikisongamana
kama watu mlangoni siku ya maziko.

Swabra akainama kusoma.
Ndiye msomi wa nyumba hii:
asubuhi kemia,
alasiri sarufi ya Kiarabu kule madrasa.
"Bibi, hapa pamekosa nukta."
"Nukta gani?"
"Ya be. Hivi haisomeki."
Bibi akaitazama sahani yake kwa muda.
Yeye alifunzwa kwa kuufuata mkono wa baba
kama washonao kofia, tundu baada ya tundu;
hakuna aliyemfunza kusoma hata barua.
"Basi itie wewe."
Swabra akaitia. Nukta moja ya manjano.

Ikaja zamu ya sahani ya pili.
Bibi akachovya. Akasita. Akachovya tena.
Tone likaangukia mkeka.
"Hii siiwezi."
"Ni kuchora tu, bibi. Vijiti, duara, chochote."
"Mkono waweza, mwanangu.
Lakini bismillahi nimeshaisema nilipochovya,
nimeisema nilipoipangusa,
nilipokaa kitako,
niliposikia waniita.
Sahani isiyosomewa niitoe wapi?"

Swabra alifungua kinywa, akakifunga.
Kisha akaandika, kwa mwandiko wake wa mtihani:
*Ugumu: hakuna sahani tupu katika nyumba hii.*
Akapiga mstari chini yake kwa rula.

Mwalimu Mutisya alicheka, wala si kwa dharau.
Akamwambia apime maji ya visima vya mitaa,
chumvi ya hiki, uchafu wa kile.
Akapima. Akawa wa tatu kaunti nzima,
akaja na cheti na kikokotoo.

Sahani yenye maneno ilikaa rafuni siku nne, imefunikwa kawa.
Ya tano, kichwa kikaniuma mimi.
Nikameza panadol mbili.
Halafu, sijui kwa nini, nikaitwaa ile sahani,
nikaisuza kwa maji ya mtungi, nikanywa mafunda matatu.
Nilipogeuka, Swabra yuko mlangoni,
penseli juu ya sikio.

"Mama, umeharibu jaribio.
Ukipona hatutajua ni kipi."
"Hatutajua," nikasema.

Alinipokonya sahani.
Kulikuwa na maji kidogo yaliyosalia,
manjano, na punje ya zafarani ikizunguka.
Nilidhani atayamwaga mtaroni, ndio ulio karibu.
Akapanda nayo ngazi hadi juu darini,
akiishika kwa mikono miwili,
akayamimina kwenye kopo la mrehani.

Akashuka. Akachukua daftari.
Akaandika kitu, kifupi,
akalifunga kabla sijafika.